Kitulo haingoji kiangazi

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka tunaambiwa tutalii kiangazi, Juni hadi Oktoba. Kwa anayetaka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara huko Serengeti, ushauri huo ni sahihi. Lakini Tanzania si Serengeti pekee.

Nilipanda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwezi Agosti, nikakuta nyasi kavu na baridi ya kutetemesha meno. Maua yaliyoipa hifadhi hiyo jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Matope yapo, sikatai. Ndiyo kazi ya gari imara na koti la mvua.

Waandaaji wa safari, acheni kuuza kalenda moja kwa nchi nzima. Mwulizeni mgeni kwanza anataka kuona nini, ndipo mmpangie mwezi.

Msomaji wako,
Mbeya