Utepe Umekatwa, Hesabu Iko Wapi?

Umeshapiga makofi, mwenzangu? Haya, niambie: mradi ule uliozinduliwa majuzi umegharimu shilingi ngapi?

Hujui. Umelishwa pilau, umevishwa fulana yenye sura ya mheshimiwa, ukamwambia asante. Asante ya nini? Fedha zenyewe ni zako!

Kifungu cha 204 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kiliunda Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka asilimia 0.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa iwapelekee maji, barabara, afya na umeme watu waliosahauliwa. Kaunti 14 zilitajwa mwanzo, kuanzia Turkana na Mandera hadi Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu. Ndiyo, kwetu huku! Muda wake ni miaka 20, Bunge lisipouongeza. Muulize jirani yako kama amewahi hata kulisikia jina lake.

Msiniambie habari zilichapishwa. Wapi? Kwenye gazeti lisilofika kijijini. Kwenye tovuti, kwa Kiingereza, kurasa tele za tarakimu. Kikao cha maoni kinaitishwa ghafla, mjini, kwa nauli yako mwenyewe. Kisha wanaandika: umma umeshirikishwa. Umma gani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisima kimechimbwa, pampu haikuja. Nani ataidai, ilhali hakuna aliyeambiwa kwamba imo katika mkataba? Mkandarasi anaondoka zake, nasi tunaguna kwamba serikali haina pesa. Pesa zilikuwapo! Mama anarudi kuteka mtoni, kwenye mamba.

Nataka bango kwenye kila mradi, kwa Kiswahili: kiasi cha fedha, jina la mkandarasi, tarehe ya kumaliza. Sura ya mheshimiwa aitundike sebuleni kwake. Nataka chifu azisome hesabu barazani na redio zetu zizirudie mpaka watoto wazikariri.

Nawe acha usingizi wa pono. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ipo tangu 2016. Inakuruhusu kuuliza kwa Kiswahili, bila ada ya maombi, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Hujui kuandika? Afisa anatakiwa akusaidie. Umeuliza mara ngapi? Hata mara moja?

Hazina ile inafikia ukomo 2030. Unangoja ifungwe ndipo uulize ilikuwa na nini?