Usimlaumu mama, sahani ya mtoto hupangwa sokoni

Ndugu mkulima, nawe mwenye duka kijijini, leo naacha mbolea. Tuzungumze sahani ya mtoto wako ambaye hajaanza shule.

Kila kikao cha lishe nasikia wimbo uleule: "Akina mama hawana elimu." Nakataa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa asilimia 57 hivi ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe na Rukwa karibu nusu. Kitaifa ni asilimia 30. Na hiyo ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi na maharage! Ghala limejaa, mtoto amedumaa. Kwa nini?

Mama anajua yai ni zuri. Lakini yai lina mwenyewe: linasubiri mnunuzi. Maziwa yote yameondoka asubuhi. Maharage yaliuzwa yakiwa bado maua. Pesa anashika baba. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachiwa dada yake mdogo na uji mweupe. Hapo somo la makundi ya chakula litasaidia nini?

Nasi maafisa ugani tuna lawama. Nimefundisha kilimo biashara miaka mingi, nikapiga hesabu ya trei hadi shilingi ya mwisho, bila kuhesabu yai la mtoto. Nilikosea.

Sasa tufanye hivi:

1. Tenga kabla ya kuuza. Kila wiki toa mayai manne ya mtoto ndipo upange trei. Bakiza kikombe cha maziwa kila siku. Debe moja la maharage lisiuzwe.

2. Baba, nenda kliniki na mkeo. Wewe ndiye unayeamua kinachouzwa, basi sikiliza mwenyewe.

3. Uji utiwe karanga zilizosagwa. Chambua kwanza, zenye ukungu tupa. Mwachie mtoto cha kula mchana kabla ya kwenda shamba.

4. Mwenye duka, biskuti na juisi za rangi umezipanga mbele, dagaa hawapo. Wafunge dagaa vipimo vidogo kwa bei ya biskuti. Watanunuliwa.

Hakuna mkulima anayeuza mbegu yote. Tunaitenga kwanza, hata mwaka wa shida. Mtoto naye atengewe hivyo hivyo.

Mwenye hoja ya kunipinga, anikute ofisi ya kata. Aje na baba mwenzake.