Mtoto Akikuchora Ukutani

Jumapili hii twende Malaba. Pita ile foleni ya malori, ukafike vilima vya Chelelemuk. Huko kuna mwamba wa Kakapel, ambao watu wa kale waliupamba kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wa kwanza walichora maumbo ya duara. Waliokuja baadaye wakachora ng'ombe wao. Ni mahali pa kale kweli: mnamo 2024 watafiti walitangaza kuwa kunde zilizochimbuliwa hapo zina umri wa miaka 2,300.

Sasa hebu nikuulize, mwanafunzi. Ukipewa brashi na ukuta mmoja mjini Busia, wewe pamoja na akina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda, mtachora mazingira gani? Najua wengi mtakimbilia twiga na mlima wenye theluji. Lo! Twiga wa Busia yuko wapi? Chora Mto Sio. Chora mafunjo na kambare. Kisha chora mtaro ulioziba kwa mifuko ya plastiki.

Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Lakini upande wa Uganda bado inatumika, na mingine huvushwa kwa njia za panya.

Hapo ndipo penye mwiba. Anayeivusha ni baba ya nani? Huenda karo ya mchoraji imetoka humo humo. Mtoto akiuchora mfuko, amemchora mzazi wake.

Ndiyo maana nasema wazazi wasiitwe siku ya kupiga makofi tu. Wakae na watoto kabla mkebe wa rangi haujafunguliwa, wabishane: kipi kichorwe, kipi kifichwe, na kwa nini? Ubishi huo ni nusu ya kazi. Ukuta uliobishaniwa na wenye mtaa una walinzi. Usio na mwenyewe hubandikwa picha za wanasiasa kabla ya wiki kwisha. Hata Kakapel, wageni waliwahi kuandika majina yao juu ya michoro ya wahenga!

Basi mzazi, leo baada ya chakula muulize mwanao angechora nini. Akikuchora wewe na mfuko mkononi, usimkaripie. Uangalie mfuko.