Mpima Dawa Naye Atuzwe

Wahenga walituachia kauli kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kauli hiyo tunaitekeleza barabara kwa wanariadha, kwa waimbaji na, kupita kiasi, kwa wanasiasa. Mkimbiaji arudipo na nishani hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik. Lakini mtaalamu aliyetumia miaka yake kutafuta kujua mtoto mwenye degedege apewe miligramu ngapi za dawa, na kwa njia gani, hatuzwi na mtu yeyote nje ya ukumbi wa chuo. Hata ndani ya ukumbi huo sifa zake husomwa kama orodha ya bidhaa dukani: makala kadhaa, wanafunzi wa uzamifu kadhaa, ruzuku kadhaa. Hadhira hupiga makofi, kisha ikaenda kunywa chai.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa dawa, na huenda msomaji akauliza ninatafuta nini katika shamba la wenyewe. Jibu langu ni kwamba suala la kumtambua mtaalamu ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la nishani. Mwanafunzi wa Matiliku, kule Makueni, akiambiwa kwamba fulani ni profesa wa famakolojia, atadhani ni mwenye duka la dawa. Hatuwezi kumlaumu. Hatujamweleza kwamba mfamasia hutoa dawa, ilhali mfamakolojia huuliza dawa ikishaingia mwilini inakwenda wapi, inafanya nini, inakaa muda gani, na ni kiasi gani kinachotenganisha tiba na sumu.

Ajabu ni kwamba swali hilo la mwisho wazee wa Matiliku walilijua kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa nchini. Uko mti ambao Wakamba huuita kivai na Waswahili huuita msunguti. Sumu ya mishale iliyopikwa kutokana na mti huo ndiyo iliyowapa wawindaji wa Ukambani sifa yao, na ndiyo iliyoangusha ndovu ambao pembe zao zilibebwa hadi pwani katika karne ya kumi na tisa. Wagiriama waliiita utsungu, neno ambalo kwa kanuni za sauti za lugha zetu ni ndugu wa damu wa uchungu la Kiswahili. Imeandikwa kwamba watengenezaji wa sumu ya namna hii katika Afrika Mashariki waliijaribu kwa kuuacha mchirizi wa damu uteremke, kisha wakaigusisha sumu upande wa chini na kutazama weusi ukipanda. Hicho ni kipimo cha nguvu ya dawa, hata kama aliyekifanya hakuvaa koti jeupe.

Mnamo 1888 Mfaransa Arnaud alitenga kiini cha sumu ya mti wa jamii hiyo hiyo, nacho kikaitwa ouabain, kutokana na neno la Kisomali waabaayo, yaani sumu ya mshale. Matabibu wa Ulaya wakakitumia, kwa vipimo vidogo mno, kutibu wagonjwa wa moyo. Baadaye, mwaka 1957, Jens Skou wa Denmark alichapisha utafiti wake juu ya kimeng'enya alichokipata katika neva za kaa. Mwaka uliofuata, katika kongamano la Vienna, Mmarekani Robert Post alimuuliza kama kimeng'enya hicho huzuiwa na ouabain. Skou hakulijua jina hilo, maana kwao dawa hiyo ilijulikana kwa jina jingine. Alipiga simu maabara yake Aarhus, wakajaribu, na kikazuiwa kweli. Ndivyo ilivyothibitika kwamba alikuwa ameigundua pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu katika seli, nayo ikampa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Katika mkasa wote huo, alama pekee iliyobaki ya watu wa huku ni neno moja la Kisomali, tena limevaa tahajia ya Kifaransa hivi kwamba mwenyewe akiliona njiani hatalijua.

Nimeyasimulia hayo kwa sababu yanaonyesha jinsi utambuzi unavyokwenda. Huenda kwa aliyeandika, na hukaa katika lugha aliyoandikia. Leo wetu wanaandika. Je, tunawatambua?

Namchukua Profesa Gilbert Kokwaro awe mfano. Asichanganywe na Profesa John Kokwaro, mtaalamu wa mimea ambaye kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1976 na ambaye pia aliandika kamusi ya majina ya mimea kwa Kijaluo. Huyo naye anastahili makala yake. Gilbert Kokwaro alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akifundisha taaluma ya dawa, akafanya utafiti pamoja na kituo cha KEMRI na Wellcome kule Kilifi, akaongoza muungano wa kitaifa wa utafiti wa afya, kisha akaongoza taasisi ya usimamizi wa huduma za afya katika Chuo Kikuu cha Strathmore. Hiyo ndiyo orodha ya ukumbini. Naiacha hapo, maana orodha haituambii kwa nini mzazi wa Makueni amjali.

Kuna jambo lililotokea Kilifi ambalo kila mwalimu wa sayansi angepaswa kulifundisha. Watoto wenye malaria kali ya ubongo hupatwa na degedege, na ilionekana busara kuwapa fenobabitali mapema ili kuizuia. Watafiti waliwagawa watoto 340 katika makundi mawili yaliyolingana, kundi moja likapewa dawa hiyo kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, jingine halikupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Degedege ilipungua, kama ilivyotarajiwa. Lakini katika kundi lililopewa dawa walikufa watoto 30, na katika kundi jingine 14. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopewa pia diazepamu mara kadhaa. Dawa ilifanya kazi yake, na vifo vikaongezeka. Msomaji na asome sentensi hiyo mara mbili.

Hapo ndipo kazi ya mpima dawa huanza, kwa sababu daktari wa zamu hawezi kukaa bila kumpa chochote mtoto anayetetemeka mbele yake. Je, kosa liko katika dawa, katika kiasi, au katika kuchanganya dawa mbili? Mwaka 2003 Kokwaro na wenzake walichapisha utafiti juu ya fenobabitali kwa kipimo kidogo zaidi, miligramu 15 kwa kilo, wakipima damu ya watoto saa baada ya saa na kuangalia pumzi zao. Mwaka mmoja kabla, wakiongozwa na Bernhards Ogutu, walikuwa wameichunguza diazepamu: inapotiwa mshipani ikoje, na inapotiwa kwa njia ya haja kubwa ikoje. Njia hiyo ya pili ndiyo inayowezekana katika zahanati isiyo na mtu wa kupata mshipa wa mtoto aliyekauka maji. Lakini walikuta kwamba dawa huingia damuni kwa namna isiyo sawa kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Wakaendelea. Wakaichunguza fosifenitoini. Mwaka 2008 zikatoka kazi mbili zilizoongozwa na Simon Muchohi, moja ya lorazepamu na nyingine ya midazolamu, hii ya mwisho ikijaribiwa mshipani, katika msuli na ndani ya shavu.

Tazama, basi, kilichotendeka. Ni swali moja tu, liulizwalo kwa dawa tano, kwa miaka kadhaa, na majina ya Wakenya yakipokezana nafasi ya kwanza. Kwa anayehesabu makala, hizo ni makala tano au sita. Kwa anayezisoma, huo ni mkondo mmoja wa fikra usiokatika, na ndani yake vijana wamekuwa watafiti wa kujitegemea: Ogutu, kwa mfano, aliendelea na KEMRI, akawa mmoja wa watafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S. Sijui kamati ya kupandisha vyeo inayoweza kulipa alama jambo kama hilo. Vipimo vyetu vina safu ya idadi ya makala, havina safu ya uvumilivu.

Tena kazi yenyewe haina mvuto wa magazetini. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Kilichotafutwa ni kiasi na njia ya dawa kongwe, za bei nafuu, zilizopimwa kwanza katika miili ya watu wazima wa nchi za mbali. Mtoto mgonjwa si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ini lake, figo zake, maji ya mwili wake, vyote hubadilika malaria inapomshika, na dawa iliyozoea kutoka kwa saa kadhaa yaweza kukawia. Yeyote anayemtibu mtoto wa namna hiyo, iwe Kilifi au katika hospitali ya Matiliku ambako malaria si ya kila siku lakini degedege haikosekani, anategemea kwamba kuna mtu mahali fulani aliyejishughulisha kupima.

Sasa nirudi katika shamba langu. Nimelitumia neno degedege tangu mwanzo kana kwamba ni tafsiri tu ya neno la hospitalini. La hasha! Degedege ni neno lenye mbawa: wengi pwani wamelihusisha na dege, ndege mkubwa wa kutisha, na pepo ampitiaye mtoto. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliiona degedege kuwa maradhi ya mganga kwanza, tofauti na homa ya kawaida ya kupelekwa hospitali. Kwa hiyo mwanasayansi anaweza kuipima diazepamu hadi tone la mwisho, na mtoto asifike mahali dawa ilipo, kwa sababu jina la ugonjwa limempeleka kwingine. Daraja kati ya makala ya 2002 na mama huyo ni la maneno, na wajenzi wake ni sisi walimu wa lugha. Hatujalijenga.

Watu wa Makueni na Kitui hawahitaji kufundishwa gharama ya daraja lisilojengwa. Mwaka 2004 mahindi yaliyovunda yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao katika wilaya hizo mbili. Chanzo kilikuwa aflatoksini, neno ambalo halimwambii mkulima lolote. Leo Watanzania wanaiita sumukuvu. Silabi nne, na onyo zima limo ndani: kuvu hii ina sumu. Ukimwambia bibi wa Matiliku kwamba mahindi haya yana sumukuvu, hahitaji kamusi. Neno kama hilo ni mchango wa kisayansi kamili, na aliyelitunga alistahili kuhesabiwa pamoja na waliopima ini za marehemu.

Ndiyo maana naona kwamba sherehe za kumpongeza profesa mstaafu, pamoja na mashada na hotuba zake, hazitoshi. Chuo kinachotaka kumtambua mtu kama Kokwaro kichapishe kitabu kidogo cha Kiswahili, kurasa hamsini hivi, kinachoeleza alichouliza, alichokipata na alichokiacha bila jibu. Kiwekwe katika maktaba za shule za upili na katika vyumba vya kungojea vya hospitali. Gharama yake haifikii ile ya karamu. Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba sayansi haina istilahi kwa Kiswahili. Istilahi hazioti kama uyoga. Hutungwa na watu wanaozihitaji, na hadi sasa wenye kuzihitaji hawajaitwa mezani pamoja na wenye kuzijua dhana.

Wala si lazima kungoja chuo. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili katika shule yoyote ya Makueni wanaweza kukaa Jumamosi moja na wanafunzi wa kidato cha tatu, wakauchukua muhtasari wa utafiti ule wa diazepamu na kuufasiri. Watakwama katika mstari wa pili au wa tatu, watakapoukuta ule muda ambao dawa hutumia kupungua damuni hadi kufikia nusu. Wengine wamependekeza nusumaisha, neno linalonipa mashaka, kwa kuwa dawa haina maisha. Mimi ningesema muda-nusu. Lakini ningependa kwanza kusikia wanafunzi wa Matiliku, ambao babu zao walijua sumu ya kivai hukaa na makali yake kwa muda gani katika ncha ya mshale, wanasemaje.