Vipimo vya Zinaa Visiwani Vijumlishwe





Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Baadaye utafiti wa Mwanza, 1991 hadi 1994, ulionyesha kuwa penye tiba bora ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya virusi yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40.

Lakini kutibu kwa kutazama dalili hakutoshi. Wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili, na kaswende hukaa kimya katika damu hata ikamdhuru mtoto tumboni. Asiyejisikia mgonjwa haendi zahanati, wala hahesabiwi. Ni kipimo tu kitakachomtambua.

Hapa Goziba wavuvi huhama kambi hadi kambi wakifuata samaki. Majibu yakibaki katika daftari la zahanati moja, nani atajua ugonjwa umehamia wapi?

Naziomba Wizara ya Afya na Halmashauri ya Muleba zihakikishe vipimo havikatiki visiwani, majibu yajumlishwe kila mwezi kwa kila kambi bila majina, na jumla hiyo tusomewe katika mikutano ya kijiji. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Goziba, Muleba.