Shahada ya Haraka na Barua Niliyochelewa Kuandika



Miaka miwili iliyopita mama mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Magomeni (Magomeni ya Kilosa, ninawakumbusha wasomaji walio mbali, si ile ya Dar es Salaam) alikuja ofisini kwangu mara baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa bado amevaa sare, maana ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Mama huyu ni muuguzi. Alianza na cheti, akajiendeleza hadi stashahada, na kwa miaka mingi amekuwa akipokea watoto wetu wanapozaliwa na kuwafunga macho wazee wetu wanapoaga dunia. Siku ile aliniomba barua ya utambulisho, aiambatanishe na maombi yake ya shahada ya uuguzi, katika programu inayowapokea wauguzi walio kazini na kuwafupishia safari kwa kuyahesabu yale waliyokwisha kuyasoma.

Nilimuuliza mtoto wake wa mwisho ana umri gani. Akajibu kwamba ana miaka mitatu. Nikamwambia, kwa sauti ile ya kibaba ambayo sisi mapadre tunaijua sana, "Mama, subiri kidogo, mtoto akue. Shule haikimbii." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sawa, Baba," akaenda nyumbani kulala.

Shule haikukimbia, ni kweli. Yaliyokimbia ni mengine. Mwaka uliofuata mume wake aliugua, na akiba ya ada ikaishia kwenye matibabu na nauli za kwenda Morogoro. Mwezi uliopita amerudi kwangu na bahasha ile ile, imechakaa pembeni. Katika muda huo amevuka umri wa miaka 35, na umri huo, kama nitakavyoeleza, si jambo dogo kwa mwombaji wa chuo.

Ndugu zangu, ninaandika haya kwa sababu nilikosea, na kwa sababu ninahisi kwamba si mimi peke yangu ninayekosea hivyo. Ushauri wa kusubiri ni rahisi mno kwa anayeutoa, kwa kuwa gharama yake inalipwa na mwingine. Tena tunautoa kwa wepisi zaidi kwa wanawake. Sikumbuki hata mara moja nikimuuliza mwanamume anayeomba barua ya chuo mtoto wake ana umri gani.

Neno lililonitia shaka siku ile, nakiri, lilikuwa "haraka". Nilidhani shahada inayopatikana upesi ni shahada iliyopunguzwa, kama maziwa yaliyotiwa maji. Basi tuliangalie jambo lenyewe.

Nchini Marekani kuna programu za uuguzi za kuharakishwa kwa ajili ya watu waliokwisha kupata shahada katika fani nyingine. Ya kwanza ilianzishwa mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, ambacho ni cha mapadre Wajesuiti. Leo ziko nyingi, na kwa kawaida huchukua miezi 11 hadi 18. Ukisikia miezi 11 unaweza kudhani ni mchezo. La hasha! Mwombaji anatakiwa awe amekwisha kusoma anatomia, fiziolojia, kemia, mikrobiolojia na takwimu kabla hajaingia, na akiisha kuingia anashauriwa asifanye kazi ya ajira, kwa kuwa darasa na wodi vinammaliza siku nzima. Kinachofupishwa hapo ni likizo, na kurudiwa kwa masomo ya jumla ambayo mtu ameshayasoma. Mgonjwa bado anataka kugeuzwa kitandani kwa mikono iliyofundishwa.

Hapa kwetu mambo ni tofauti, na tofauti hii inawapotosha vijana wetu. Hivi karibuni kijana mmoja mwenye shahada ya ualimu, ambaye hajapata ajira, alinionyesha kwenye simu yake tangazo la programu hizo za Marekani, akaniuliza kama naye anaweza kuwa muuguzi kwa mwaka mmoja. Nilimuuliza matokeo yake ya kidato cha nne katika Baiolojia, Kemia na Fizikia. Akacheka, nami nikaelewa. Katika nchi yetu mlango wa uuguzi unafunguliwa kwanza na masomo hayo. Shahada ya sanaa, hata iwe ya daraja la kwanza, haiyafuti. Anayetoka kidato cha sita na kuingia shahada ya uuguzi pale Muhimbili husoma miaka minne, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya usimamizi, na Baraza la Uuguzi na Ukunga humpima kwa mtihani kabla ya kumpa leseni. Kama kuna wakala anayemwahidi kijana njia ya mkato isiyopita huko, na anataka alipwe kwanza kwa njia ya simu, huyo ni tapeli tu. Mwongozo wa udahili hutolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, na tangu mwaka 2017 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni. Usimlipe mtu wa katikati.

Safari inayofupishwa kwa haki katika nchi yetu ni ya yule ambaye tayari ni muuguzi. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza kuwafundisha wauguzi wa namna hiyo mwaka 2001, hapa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa utaratibu wa kuhudhuria darasani siku chache za juma huku mtu akiendelea na kazi yake. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi mwaka 2005, pale AMREF, ikishirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo, ilipoanza kuwapandisha daraja wauguzi wa cheti kwa masomo ya kompyuta, wakiwa huko huko vituoni kwao. Walengwa walikuwa wauguzi wapatao 22,000. Kuwaingiza wote madarasani kwa njia ya kawaida kungechukua vizazi, na nani angebaki wodini?

Nimelitafakari sana neno hilo la kuyahesabu yale mtu aliyokwisha kuyajua. Mama yule amesimama kando ya vitanda vya wazazi kwa miaka kumi na zaidi. Akiambiwa akae miaka minne darasani na kijana aliyetoka kidato cha sita, waanze pamoja kujifunza namna ya kupima shinikizo la damu, huko ni kumfanya kana kwamba miaka ile hakuiishi. Tofauti kubwa iko katika mengine: kusoma utafiti na kuupima, kuongoza wodi, kufundisha wanafunzi, kujua kwa nini dawa hii na si ile. Hayo ndiyo anayoyaendea. Hii si njia ya mkato hata kidogo.

Hata hivyo sitaki mtu aniambie kwamba nimesifia programu hizi na kuficha bei yake. Katika Injili ya Luka tunasikia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Tumezoea kuitumia sehemu ile tunapochangisha ujenzi wa kanisa. Naomba tuitumie pia mezani nyumbani, mume na mke, kabla fomu haijajazwa.

Gharama ya kwanza ni fedha. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewasomesha watoto wengi wa parokia hii, na tunaishukuru. Lakini miongozo yake ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira, na asiwe amezidi umri wa miaka 35. Tazameni sasa hali ya muuguzi wetu. Kwa kuwa ameajiriwa, hapati. Na kama angeacha kazi ili apate, umri umemzuia. Nilipomwambia asubiri sikuwa na habari na sharti hilo, wala sikujishughulisha kuuliza. Kwa vyovyote mshahara ungemzuia hata wakati ule, lakini nilimfungia hata mlango ambao huenda angeutafakari.

Gharama nyingine ni muda wa nyumbani, na hapa ndipo ndoa zinapoyumba. Mtu anayefanya kazi na kusoma kwa pamoja hana jioni. Hana Jumamosi. Atakuja jumuiya akisinzia, au hatakuja kabisa, na mwenyekiti wa jumuiya ataanza kuulizia. Nimewasikia waume wawili wakilalamika kwamba wake zao wamekuwa wageni nyumbani, nami siwabezi. Lakini nimewauliza wote wawili kama wamekwisha kujifunza kupika, na jibu mnalijua.

Zaidi ya hayo yapo mambo madogo yanayoangusha watu wazima: namba ya uhakiki wa tuzo, ile wanayoiita AVN, ambayo mwenye stashahada anatakiwa kuiomba kabla ya kuomba shahada, jina lililoandikwa tofauti kwenye cheti cha kidato cha nne na cheti cha ndoa, ruhusa ya masomo ya mwajiri, inayotakiwa kuombwa mapema na kwa maandishi. Muuguzi anayeanza kuyashughulikia haya dirisha la udahili likiwa limefunguka, kwa kawaida linamfungia nje.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo nimelisikia hata katika Halmashauri Walei, tena likisemwa na watu wenye nia njema. Wanasema: Baba, tukiwasaidia kusoma, hawarudi. Akipata shahada atahamia mjini, au atakwenda kufundisha chuoni, au atatafutwa na hospitali za ng'ambo, na sisi wa Kilosa tutabaki na zahanati isiyo na mtu. Siwezi kusema kwamba hofu hii haina msingi. Wapo walioondoka, na baadhi yao nimewaandikia barua mimi mwenyewe. Ila ninapinga hitimisho lake. Kumnyima mtu elimu ili abaki karibu nasi ni kumfunga kamba mguuni huku tukiita ni upendo. Kama tunataka abaki, tujiulize kuhusu nyumba anayokaa, zamu anazopangiwa, na namna tunavyomsemesha pale dirishani mtoto anapolia na dawa zimekwisha. Mwaka jana nilishuhudia muumini wetu, mtu wa kushiriki kila Dominika, akimtukana muuguzi mbele ya watu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Yule binti angeomba uhamisho kesho yake, ningemwelewa.

Aidha, jiografia imebadilika. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dar es Salaam na Dodoma. Kwa muuguzi ambaye zamani angelazimika kuhama ili asome, kwenda darasani na kurudi katika juma lile lile si ndoto tena, ingawa nauli ni nauli. Na kwa wale wanaopenda kusoma katika mazingira ya Kanisa, Maaskofu wetu wana chuo kikuu cha afya pale Bugando, Mwanza, tangu mwaka 2003, chenye shahada ya uuguzi. Mwanza ni mbali, hilo sibishi.

Nirudi kwa mama wetu. Safari hii sikumuuliza habari za mtoto. Nilimwomba aketi, nikaandika barua yeye akiwa pale pale. Nilitaka kuandika yale ya kawaida, kwamba ni muumini mwema na anashiriki sakramenti. Nikafuta. Nikaandika kwamba ninamfahamu kwa kazi yake, kwamba usiku wa mafuriko aliwahi kuvuka maji ya magotini ili asimwache mwenzake peke yake zamuni, na kwamba kuchelewa kwake kuomba kumetokana kwa sehemu na ushauri wangu. Aliisoma, akatabasamu, akaniuliza, "Baba, na hili la mwisho nalo liende?" Nikamjibu liende.

Maombi ameshayatuma. Ada ya muhula wa kwanza anayo nusu yake, na mume wake, ambaye afya yake imerejea, amesema atauza ng'ombe mmoja. WAWATA wamekubali kupokezana kumkalia mtoto siku za darasa, endapo atachaguliwa; orodha ipo ofisini na bado ina nafasi Ijumaa na Jumamosi. Kwaya ya Misa ya pili, nayo, inatafuta sauti ya pili.