Kung'oa Bawa Si Kazi, Kazi ni Kuziba Tundu

Magari madogo yenye bawa kubwa juu ya buti si haba katika miji yetu. Bawa hilo, ambalo mafundi huliita spoila, halikuzaliwa kuwa pambo. Ferrari walilitia katika gari la mashindano mwaka 1961, na mwaka 1972 Porsche wakatoa 911 Carrera RS yenye kijimkia kilichobenuka nyuma. Kazi yake ni kuuvunja upepo upitao juu ya gari, usije ukayainua magurudumu ya nyuma gari liendapo kwa kasi kubwa. Hapa kwetu wengi waliliona katika Safari Rally, kama lile lililokuwa nyuma ya Subaru ya Colin McRae aliposhinda mwaka 1997.

Lakini mjini sheria yatuamuru tusipite kilomita 50 kwa saa, na kwa mwendo huo bawa halina faida ila kuwapa kunguru wa Mombasa mahali pa kutua. Ndiyo maana si ajabu mtu aliyenunua gari lililotumika Japani kutaka bawa liondoke. Mimi sina ugomvi na alipendaye wala na alichukiaye. Ugomvi wangu ni juu ya kile kinachobaki baada ya bawa kung'oka.

Kuling'oa ni jambo jepesi. Lililobandikwa kwa gundi hupashwa moto kidogo, kisha uzi wa kuvulia samaki hupitishwa chini yake na kuvutwa huku na huku mpaka gundi ikatike. Lililofungwa kwa bolti hufunguliwa nati zake kwa ndani ya buti. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwani bolti zikitoka huacha matundu, na aghalabu tundu jingine la waya wa taa ya breki.

Basi tazama yatendekayo katika baadhi ya gereji. Fundi hukanda puti, akaijaza katika tundu, akapiga msasa na kupulizia rangi. Jioni mwenye gari huja akaliona buti linang'aa, akalipa na kushukuru. Kumbe puti haikushika chochote ila kingo za tundu, na kwa upande wa chini iko wazi, inanyonya unyevu. Nasi watu wa pwani tunaijua hewa yetu ya chumvi. Kutu hutambaa chini kwa chini, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, puti ikapasuka, na maji ya mvua yakashuka hadi chini ya gurudumu la akiba. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Kazi ya haki ina mpango wake. Rangi huondolewa kandokando ya tundu mpaka chuma kionekane, na kutu yote ikasuguliwa. Kipande cha bati hukatwa kwa kipimo cha tundu, kikachomewa kwa nukta ndogondogo, na kila nukta ikaachwa ipoe, kwani bati la bodi ni jembamba na moto mwingi hulipinda. Halafu huja tupa, kisha puti nyembamba ya kusawazisha tu, msasa mkali na baadaye mlaini, rangi ya msingi, rangi yenyewe kwa nambari iliyoandikwa katika kibati cha gari, na mwisho lakeri. Upande wa chini nao hupakwa dawa ya kuzuia kutu. Na kwa kuwa jua limekwisha kuipausha rangi ya zamani, fundi mwenye jicho hulipaka buti zima ili kiraka kisijitangaze.

Wazee wetu waliounda majahazi hawakuficha ufa kwa rangi. Waligonga kalafati ya pamba iliyorowa mafuta katika maungio ya mbao, na chini wakapaka deheni, kwa kuwa bahari haidanganyiki. Je, mvua yadanganyika?

Walakini tusimtupie fundi lawama zote. Mwenye gari akiomba kazi ya siku tatu iishe kwa saa tatu, na bei aishushe mpaka haitoshi kununua hata lakeri, ameiagiza puti kwa kinywa chake mwenyewe. Tena wako wanaoitaka hiyo puti kwa makusudi, maana gari limo mbioni kuuzwa, na kutu itamtokea mwingine. Huo ni wizi, ijapokuwa hapana mlango uliovunjwa.

La hatari kuliko yote ni taa. Mabawa mengi hubeba taa ya tatu ya breki, ile ya juu. Bawa likiondolewa bila ya taa nyingine kuwekwa mahali pake, dereva aliye nyuma amepunguziwa onyo, na waya uliokatwa ukaachwa ukining'inia waweza kuunguza fyuzi.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, usiridhike na mng'aro. Fungua buti, pitisha mkono chini ya kifuniko, na ubebe sumaku ndogo: ikikataa kushika bati la chuma, jua umeshika puti nene. Nawe unayeuza, mwambie mwenzio palikuwa na matundu na umeyaziba vipi. Kiraka kilichosemwa si aibu. Aibu ni kilichofichwa.